Tulipopanda Mlima na Mbuzi ya Nazi

Walimu wenzangu, na nyie majirani wa Kimara mnaonisimamisha kila ninapopita kwenda kuteka maji, naona kila mtu nimemsimulia kipande chake tu. Mwenye duka anajua habari ya basi. Mwalimu wa hisabati anajua habari ya baridi. Mama wa nyumba ya pili ana habari alizopewa na mke wangu, na zile hazifanani sana na zangu. Basi nimeona niandike yote, kuanzia tulipotoka hadi tuliporudi, ili asiwepo wa kusema kafichwa.

Kwa asiyenijua vizuri, mie nafundisha jiografia sekondari, mwaka wa ishirini na mbili huu. Mlima Kilimanjaro nimeuchora ubaoni mara nyingi hata nikifumba macho naweza: msitu hapa, nyasi hapa, jangwa hapa, barafu juu. Ila kuuona kwa macho, sijawahi. Aminiel, aliyekuwa mwanafunzi wangu enzi hizo akikaa kwa shangazi yake Mabibo, siku hizi anaongoza wapanda mlima kwao Marangu. Ndiye aliyeniandikia: "Mwalimu, njoo uuone ule mlima uliotuchapia viboko." Nilipatana na mwalimu mwenzangu twende wote, lakini wiki ya safari malaria ikamlaza. Nafasi yake akaichukua mke wangu, Mama Sauda, mzaliwa wa Mbwamaji pwani, ambaye mlima wake mrefu hadi siku hiyo ulikuwa ule mwinuko wa kuja Kimara akitoka sokoni Mabibo na kapu kichwani.

Nguo za baridi tulizipata mitumbani Manzese. Yangu ilikuwa koti jekundu nene kama godoro, lenye maandishi makubwa mgongoni kwa lugha ambayo si Kiingereza. Hatukuyajua maana yake. Tulidhani ni jina la kiwanda.

Kimara hadi Same

Basi lilitupitia asubuhi, na hadi Korogwe hakuna cha kusimulia isipokuwa machungwa. Tuliyala mpaka midomo ikawasha. Baada ya Mombo tukasikia mlio kama kiboko kimepiga bati, basi likaanza kutoa moshi, dereva akasimama penye mikonge mitupu. Mkanda wa feni ulikuwa umekatika. Wa akiba? Konda akatazama juu, akatazama chini, akasema wa akiba ndio ule uliokatika.

Tukakaa pembeni ya barabara saa tatu nzima. Gari zilizopita hazikuwa na mkanda wa saizi yetu. Mwishowe dereva, mtu mzima mwenye haya, akamsogelea mama mmoja mnene aliyekuwa anakwenda Mwanga kwenye arusi ya mdogo wake, akiwa amevaa gauni la kung'aa na soksi ndefu za nailoni.

"Dada yangu, samahani sana," akasema huku anatazama viatu vyake mwenyewe. "Hizo soksi zako..."

"Soksi zangu zimefanya nini?"

"Zikisokotwa pamoja, zinaweza kutufikisha Same."

Yule mama akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akazunguka nyuma ya basi, mke wangu akamsitiri kwa khanga, na alipotokea tena alikuwa peku na soksi ziko mkononi. Dereva akazisokota, akazifunga, injini ikaunguruma, tukashangilia kama watu tuliofunga goli. Yule mama akapanda kwanza na kukaa kiti cha mbele kabisa kando ya dereva, mahali pa konda.

"Hapo ni kwangu, sista," konda akasema.

"Basi hili linatembea kwa nguo zangu," akajibu. "Nenda kasimame nyuma."

Na konda akaenda. Soksi zilitufikisha Same.

Same hadi Marangu

Pale Same, wakati basi linatafutiwa mkanda wa kweli, nilikwenda posta kupiga simu Marangu, kwenye ofisi anapofanyia kazi Aminiel, niwaambie tumechelewa. Mwenyewe hakuwepo. Akapokea karani, na laini ilikuwa inakwaruza kama kuna mtu anaparua sufuria.

"Tutafika kesho asubuhi!" nikapiga kelele.

"Sawa! Mizigo mingapi?"

"Mabegi mawili, kapu moja, na mbuzi!"

"Na nini?"

"Mbuzi! Mama Sauda hapiki bila mbuzi!"

Karani akauliza, "Mzima?"

Mie nikasikia "nzima". Nikajibu, "Nzima bila shaka! Mpya kabisa!"

"Haya, tutaandaa mtu!"

Nikarudi kwenye basi nimeridhika. Tulilala Moshi kwenye nyumba ya wageni. Asubuhi nilitoka nje kuutazama mlima nikaona mawingu matupu. Mwenye nyumba akanionyesha kwa kidole mahali unapokuwa ukiwepo.

Tulipoteremka kwenye gari pale Marangu, Aminiel alikuwa anatungoja. Amekuwa mtu mzima, kifua kipana, lakini alinisalimia kwa kuinama kidogo vilevile kama zamani.

"Shikamoo Mwalimu. Shikamoo Mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nyuma yake walisimama msaidizi wake aitwaye Proti, wapagazi wanne, na mpishi, Mzee Kristofa, mwenye mvi na kisu kilichonolewa hadi kinang'aa. Majani ya mgomba yalikuwa yametandikwa chini. Jirani mmoja alikuwa amekuja na sufuria yake. Wote walikuwa wanatazama nyuma yangu.

"Na yeye yuko wapi?" Aminiel akauliza.

"Nani?"

"Mbuzi."

"Imo kapuni."

Wakalitazama kapu. Lilikuwa kapu la kawaida, la ukindu.

"Mmemchinjia Same?" akauliza Mzee Kristofa kwa huzuni.

Mama Sauda, ambaye bado hajaelewa, akafungua kapu, akatoa mbuzi yake ya kukunia nazi, akaikunjua, akaiweka juu ya yale majani ya mgomba na kuikalia, lile jino la chuma likiwa limetokeza mbele. "Si hii hapa," akasema. "Mnaitakia nini?"

Halafu mpagazi mmoja akakaa chini kwenye nyasi na kuanza kucheka mpaka akashika mbavu, na wenzake wakamfuata. Jirani akachukua sufuria yake, akaaga kwa heshima, akaenda zake. Mzee Kristofa peke yake hakucheka. Alikifuta kisu chake taratibu akakirudisha kwenye ala.

"Mama," akasema, "huku kwetu hicho ni kigoda."

Marangu hadi Mandara

Siku ya kwanza ni msitu. Niseme tu kwamba kwa miaka yote hiyo niliuchora vibaya. Nilikuwa naupaka kijani kimoja, na kule kijani kiko kama kumi, na kila kimoja kinadondosha maji. Mbega walikaa juu ya matawi na makoti yao meupe wakitutazama kama wazee wa baraza. Niliwaeleza wenzangu kuhusu mvua za milimani. Mama Sauda akasema angalau hapa maji yanakufuata yenyewe, si kama Kimara.

Mpagazi aliyecheka ndiye aliyejitolea kubeba mbuzi. Aliifunga juu ya mzigo wake, jino likielekea nyuma, hivyo kila aliyemfuata aliacha nafasi ya kutosha. Wageni waliokuwa wanateremka walisimama kuuliza ni kitu gani, naye kila mmoja akampa jibu lake. Wa kwanza aliambiwa ni chombo cha muziki. Wa pili, ni cha kutobolea barafu. Wa tatu, mama mmoja mwenye kofia, aliipiga picha na kuandika kwenye daftari lake, na sijui sasa hivi kule kwao wanaambiana nini.

Jioni, kwenye vibanda vya Mandara, ndipo vita vilipoanza. Mama Sauda aliingia jikoni kama anavyoingia jikoni kwake. Mzee Kristofa akasimama mlangoni.

"Mama, wewe ni mgeni. Mgeni anakaa, analetewa."

"Mie sijazoea kukaa."

"Nimewapikia Wazungu miaka mingi, hakuna aliyelalamika."

"Wazungu hawajui chumvi, Mzee wangu. Wangelalamikia nini?"

Usiku huo tulikula supu ya Mzee Kristofa, na Mama Sauda alikula kimyakimya, jambo ambalo sie wa nyumbani kwake tunajua maana yake.

Mandara hadi Horombo

Siku ya pili msitu ukakatika ghafla, kama mtu amefungua pazia, tukatokea kwenye majani mafupi na jua kali. Na mlima ukawa upo. Ulikuwa mkubwa kuliko nilivyotazamia, mweupe juu, umekaa tu pale. Nilisimama. Nilitaka kusema neno la maana mbele ya mwanafunzi wangu, na nilichosema ni, "Kumbe kweli upo." Aminiel alinitazama, akatabasamu, akanipa maji.

Mwendo wao ni wa polepole sana. Mie kila mara nilikuwa nampita Aminiel bila kutaka, naye kila mara anasema, "Mwalimu, nyuma yangu." Mke wangu hakumpita hata mara moja. Alitembea nyuma yake kama anayekwenda kumpa pole mfiwa, hatua ndogondogo, khanga mabegani.

Tulipofika Horombo, Mama Sauda alipika wali. Safari hii Mzee Kristofa alimwachia jiko, akakaa pembeni amekunja mikono. Nazi zikakunwa, tui likakamuliwa, wali ukapandishwa. Baada ya nusu saa ulikuwa mbichi. Baada ya saa nzima juu ulikuwa mbichi na chini umekuwa uji. Nikamweleza mke wangu kwamba ukiwa juu hivi, maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha, kwa sababu ya hewa kuwa nyepesi.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Nafundisha kila mwaka."

"Na ukaniacha nikapika saa nzima?"

Kwa kweli nilikuwa naijua habari hiyo daftarini tu, sikuwahi kuifikiria ikiwa ndani ya sufuria. Mzee Kristofa akainuka, akafunua ndoo yake. Mchele wake alikuwa ameuloweka tangu asubuhi. Akaumimina kwenye tui, akafunika, akaweka jiwe juu ya kifuniko, akamwambia Mama Sauda, "Sasa hesabu taratibu." Uliiva. Walipoonja wote wawili kwa kijiko kimoja, Mzee akasema, "Ee, hii nazi ina maneno," na tangu hapo jiko likawa la watu wawili. Kesho yake alfajiri niliwakuta wanapika ndizi za machalari kwa tui, wanabishana kuhusu pilipili kama ndugu.

Hapo ndipo nilipofanya kosa, na naliandika kama lilivyokuwa. Aminiel alitaka tupumzike Horombo siku moja nzima, mwili uzoee.

"Sie tuko sawa," nikamwambia. "Twende."

"Mwalimu, huwa tunapumzika."

"Aminiel, mie ndiye niliyekufundisha habari za hewa ya milimani."

Angekuwa mtu mwingine yeyote angenikatalia. Lakini alinitazama kama anayesubiri kurudishiwa daftari lake, akasema, "Haya, Mwalimu." Tukaondoka.

Horombo hadi Kibo

Kati ya vilele viwili, Mawenzi na Kibo, kuna uwanda wa mawe na vumbi ambao hauna mti, hauna ndege, hauna chochote. Nilianza kumweleza Mama Sauda jinsi volkano zilivyoutengeneza, na katikati ya maelezo nikasahau nilikuwa nasema nini. Nikacheka. Kichwa kilikuwa kinagonga kama kuna mtu anatwanga ndani yake. Nilijificha nyuma ya jiwe nikatapika ile machalari nzuri, nikafuta mdomo, nikarudi njiani nikipiga mluzi.

Tulifika Kibo mchana. Ni nyumba ya mawe chini ya ule mteremko wa mwisho. Nilikaa kwenye benchi nje. Niliona Aminiel anachuchumaa mbele yangu.

"Mwalimu, unajisikiaje?"

"Safi kabisa."

"Hebu simama utembee hadi pale mlangoni."

Nilitembea. Mlango ukasogea kushoto. Nikaufuata, nikagonga ukuta.

"Mwalimu, nitajie majina ya watoto wako."

Swali la kijinga, niliona. "Sauda," nikasema. "Mrisho. Kibibi." Tuna watoto wanne. Nilijua ni wanne, nilimwona yule wa nne akilini, mtundu, ameng'oka jino la mbele, anachezea ufunguo wa kabati. Jina lake halikuwepo. Nilimtazama mke wangu anisaidie, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Mwalimu, unashuka," Aminiel akasema. "Sasa hivi. Proti atakushusha hadi Horombo."

"Mie sishuki. Kesho tunafika juu."

"Unashuka, Mwalimu."

"Wewe kijana, unajua unaongea na nani?"

"Najua." Hakuniondolea macho. "Asubuhi ulinishinda kwa sababu wewe ni mwalimu wangu. Sasa hunishindi."

Nilidhani Mama Sauda ataanza kufunga mizigo. Tumeoana miaka kumi na minane. Niliposhikwa na homa ya matumbo hakutoka kando ya kitanda. Lakini alimvuta Aminiel pembeni, wakaongea kwa sauti ya chini, akarudi akanifunga zipu ya koti hadi kidevuni.

"Baba Sauda, wewe shuka na Proti," akasema. "Mie naenda."

"Unaenda wapi?"

"Juu. Mie sina kichwa, sina tumbo, nimelala vizuri. Nimefika hapa."

Nilimwambia neno baya. Nilimwambia, "Utafika wapi na mbuzi yako?" Proti akanishika mkono, tukaanza kuteremka, na sikugeuka nyuma.

Kibo kurudi Horombo

Ajabu ya ugonjwa ule ni kwamba unatoka kama ulivyoingia. Kabla jua halijazama tulikuwa tumeshuka vya kutosha, mara nikasimama katikati ya njia na kupiga kelele, "Jumbe!"

Proti akashtuka. "Nani?"

"Jumbe! Mwanangu wa nne anaitwa Jumbe!"

"Hongera," akasema Proti.

Tulipofika Horombo nikalala kama gogo. Asubuhi nilikuwa mzima, nina njaa na nina aibu. Mzee Kristofa, ambaye alikuwa amebaki Horombo na jiko lake, alinipa uji. Nikakaa juani nimegeuzia mgongo vibanda, macho kwenye njia ya Kibo.

Mzee mmoja wa Kizungu, mrefu, mwenye ndevu nyeupe, alisimama nyuma yangu muda mrefu kabla hajaja mbele. Tulizungumza Kiingereza, naye cha kwake kilikuwa cha kutafutatafuta kama changu.

"Samahani," akasema. "Wewe ni mwalimu?"

Nilishangaa amejuaje. "Ndiyo. Miaka ishirini na miwili."

"Ishirini na miwili! Unafundisha wapi?"

"Dar es Salaam."

"Dar es Salaam kuna theluji?"

"Hapana. Theluji iko huku juu tu."

Akafikiri. "Sasa wanafunzi wanajifunzaje?"

"Kwa chaki," nikasema. "Na ramani."

Alinitazama kwa heshima ambayo sijawahi kuipata kwa mkaguzi yeyote wa shule. Ilichukua muda tukaelewana. Maandishi ya mgongoni mwangu yalikuwa ya lugha ya kwao, na yalisema: mwalimu wa kufundisha watoto kuteleza kwenye theluji. Tulicheka hadi tukakaa chini wote wawili, akanipa kipande cha chokoleti, na nilikuwa bado nakitafuna alipopita mpagazi kutoka juu, mbiombio.

"Kuna mtu anashushwa kwa machela," akamwambia Mzee Kristofa. "Kundi la Aminiel. Aminiel mwenyewe kashika machela."

Kundi la Aminiel lilikuwa ni mtu mmoja.

Niliinuka nikaanza kupanda. Proti aliniita, nikasikia, sikusimama. Yale maneno yangu ya jana yakawa yananijia kila hatua. Utafika wapi. Utafika wapi. Hewa ilikuwa haitoshi, nikakimbia, nikatembea, nikakimbia tena, na sikujua nimekwenda umbali gani nilipowaona wanateremka kwenye vumbi: machela ya chuma yenye gurudumu moja katikati, watu wanne, Aminiel mbele. Aliyelala alikuwa amefunikwa blanketi hadi shingoni. Na usoni, juu ya uso wote, alikuwa amefunikwa khanga. Ya bluu, yenye maembe. Nilimnunulia mwenyewe.

Sie tunajua mtu hufunikwa uso wakati gani.

Nilipiga magoti kwenye mawe pale njiani, machela ikasimama, Aminiel akasema, "Mwalimu!" Nikashika ncha ya khanga. Nikaifunua.

Alikuwa kijana wa Kizungu mwenye ndevu nyekundu, pua imeungua na jua. Alikuwa wa kundi lingine, mzima wa afya isipokuwa goti, na Aminiel alikuwa anasaidia tu kumshusha. Alinitazama akasema, "Jambo."

"Nimemfunika jua limpungue," sauti ikasema nyuma ya machela. "Ngozi yao haivumilii."

Mama Sauda alikuwa amesimama pale na begi la Aminiel mgongoni, uso mweupe kwa vumbi, midomo imepasuka. Mie nilikuwa bado nimepiga magoti. Akanitazama kidogo, akauliza:

"Wa nne anaitwa nani?"

"Jumbe."

"Haya. Inuka, unazuia mgonjwa."

Horombo, siku ya mwisho

Jioni, wali ukiwa umeiva, alinisimulia. Alisema walianza kupanda gizani, na kwamba hakuutazama mlima hata mara moja, alitazama visigino vya Aminiel tu. Maji yalikuwa yameganda kwenye chupa, hivyo ulipofika wakati wa alfajiri alitayamamu kwa vumbi la mlimani, akaswali akiwa amekaa nyuma ya jiwe, na Aminiel, ambaye ni Mlutheri, akasimama upande wa upepo kumkinga. Alisema jua lilitokea nyuma ya Mawenzi likiwa chini yao, na kwamba alilia, na machozi yalikuwa baridi kabla hayajafika kidevuni. Alisema barafu ya juu ni kuta, ndefu, zimesimama, kama chumvi imejengwa nyumba.

"Hizo zinaitwa barafuto," nikaanza. "Zinatokana na theluji iliyogandamizwa kwa..."

"Subiri," akasema. "Sijamaliza."

Nikasubiri. Alisimulia hadi chai ikapoa.

Kesho yake tuliteremka moja kwa moja hadi lango la chini. Yule aliyekuwa anaandika vyeti vya waliofika kileleni alinitazama mie, kalamu tayari. "Jina lako, Mzee?" Aminiel alikuwa kando yangu. Yeye alikuwa anatazama ukuta. Sitaficha kwamba nilikawia kidogo.

"Aliyefika ni huyu," nikasema. "Mwanaidi Jumbe. Andika vizuri, la baba yake ndilo tulilompa mwanetu."

Marangu hadi Kimara

Basi la kurudi halikuharibika, ndiyo maana sina mengi. Tulipopita Same nilipata ujasiri wa kuuliza.

"Uliponiacha pale Kibo, kama ningekufa njiani je?"

"Nilimuuliza Aminiel. Akaniambia ukishuka unapona, iwe nimekuja nawe au sijaja." Alikuwa anamenya chungwa. "Angesema vingine, ningekubeba mgongoni, na hilo koti lako la kitoto."

"Na lile neno nililokwambia?"

"Nililisikia." Akanipa nusu ya chungwa. "Lilinifikisha nusu ya njia."

Shule zilipofunguliwa, kidato cha pili B walikuwa na somo moja tu akilini. Nilipoingia darasani, mikono ishirini ilikuwa juu, na wote walitaka kujua kulikuwaje kileleni. Nikawaambia wasubiri hadi Jumatano. Jumatano nilikwenda na Mama Sauda. Alikuwa amevaa gauni la Idi, na alikuwa na woga zaidi kuliko alivyokuwa Kibo. Nilimpa chaki. Nikaenda kukaa dawati la nyuma kabisa, magoti hayaingii.

Mwanzoni alikuwa hasikiki. Kisha akageuka, akachora mlima ubaoni, mnene, umepinda upande mmoja, haufanani kabisa na wangu, akaweka nukta ya kwanza pale chini. "Tulianzia hapa," akasema, "na watu walikuwa wanasubiri kula mbuzi." Darasa likacheka, naye akaachia mabega, na tangu hapo hakunyamaza hadi kengele inakaribia. Alipofika kwenye zile kuta za barafu nikagundua kuna jambo hata mie nilikuwa sijamuuliza. Nikanyoosha mkono.

Akatazama huku na huku, mikono ilikuwa mingi. Halafu akaninyooshea chaki.

"Ndiyo," akasema. "Wewe wa nyuma. Simama kwanza."